Sura ya Tisa: Mwezi Ulipomwacha Mbuzi

Asubuhi ya Jumatano kituo kizima cha polisi cha Melapuliyur kilikuwa kinasoma gazeti. Si kwa sababu ya habari, maana habari walikuwa nayo mikononi: Mama Mangayarkarasi, mjane wa Mtaa wa Kaskazini, alikuwa amekutwa jana kando ya kisima cha uani kwake, amekufa, kichwa kimepasuliwa kwa mtungi wake mwenyewe wa shaba. Walichokuwa wakisoma ni ukurasa wa nyota wa gazeti la wiki, ule unaomweleza kila mtu, kuanzia Kondoo hadi Samaki, wiki yake itakwendaje, na chini ya kila nyota zimeandikwa siku ambazo mwenye nyota hiyo hana budi kutulia.

"Hapa hapa, afande," alisema Sajini Govindarasu, akigonga karatasi kwa kidole chenye chokaa ya tambuu. "Marehemu alikuwa Mashuke. Sikiliza. 'Wiki hii jihadhari na maji na vyombo vya chuma.' Sasa kisima si maji? Mtungi si chombo?"

"Mtungi ni wa shaba," alisema Inspekta Valarmathi.

"Shaba na chuma ni ndugu, afande."

"Kwa hiyo unataka nimkamate nani, Sajini? Zohali?"

Govindarasu alikunja gazeti polepole. Hakuna aliyecheka. Valarmathi mwenyewe hakuwa na hamu ya mzaha. Alikuwa amekesha na jalada hilo na halikumpa kitu zaidi ya kipandauso.

Mahabusu alikuwamo Kaliyaperumal, dereva wa marehemu tangu enzi za mumewe. Jana mchana alipeleka mpunga kinuni, akarudi, akamkuta bibi yake chini, akapiga kelele mtaa ukajaa. Shati lake lilikuwa na damu. Watu wa kinu walisema aliondoka kwao mapema kuliko alivyodai, na yeye alisema alisimama njiani kunywa chai, lakini mwenye kibanda cha chai hakumkumbuka. Basi. Hayo ndiyo yaliyomtia pingu. Sheria ilitaka afikishwe mbele ya hakimu kule Kumbakonam kabla ya siku moja kutimia, yaani leo kabla ya saa tisa u nusu, na Valarmathi alijua vizuri kinachofuata. Hakimu akishagonga muhuri, jalada hulala. Mtu asiye na wakili huingia rumande na nywele nyeusi akatoka na mvi.

Alikwenda hadi kwenye nondo. Dereva alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shati hilo hilo mwilini.

"Damu hii, Kaliyaperumal. Nieleze tena."

"Nilimwinua, mama."

"Kwa nini ulimgusa? Huoni kwamba ndicho kinachokumaliza?"

Alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Alikuwa amelala kwenye tope. Ningemwacha kwenye tope?"

Papo hapo mkuu wao, Bwana Rathinavel, aliingia kwa kishindo, gazeti lile lile kwapani. Alikuwa mtu wa kupenda kesi zinazokwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Mbona gari halijaandaliwa?"

"Afande, nina mashaka. Shemeji wa marehemu, Thiyagesan, ndiye mwenye sababu. Ijumaa hii mama alikuwa atie sahihi nyumba kubwa iwe bweni la wasichana wanaosomea uuguzi. Thiyagesan alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba nyumba ya baba yake haitalala wageni."

"Kuapa kila mtu anaapa. Thiyagesan ni Mbuzi." Rathinavel alifungua gazeti kwa kiburi cha wakili mwenye ushahidi. "'Mbuzi: mwezi umo katika nyumba yenu ya nane hadi Jumanne saa kumi alasiri. Msianze jambo, msisafiri, msibishane. Kimya ndiyo dawa.' Mji mzima unajua, siku zake za mwezi zikifika anajifungia chumbani, hasemi na mtu, anapitishiwa wali na mtindi mlangoni. Mama ameuawa kati ya saa saba na saa tisa. Wakati huo Thiyagesan yuko ndani na mlango umefungwa."

"Nani alimwona?"

"Ataonekanaje na mlango umefungwa?"

"Ndiyo ninachosema, afande. Hakuna aliyemwona, na kwa sababu hakuna aliyemwona kila mtu yuko tayari kumwapia."

"Na huyu wako," alisema Rathinavel, akionyesha nondo kwa kidevu, "ni Mapacha. 'Mtakorofishana na aliye juu yenu.' Imeandikwa."

"Nani alisema ni Mapacha? Kaliyaperumal hajui hata mwaka aliozaliwa. Mama yake alimwambia alizaliwa mafuriko yalipokuja, basi."

Govindarasu alikohoa. "Nilimpatia nyota mimi, afande. Kwa silabi ya kwanza ya jina lake. Ndivyo inavyofanywa kwa wasio na nyota."

Valarmathi alifunga macho. Mtu alikuwa anapelekwa jela na silabi. "Nipeni hadi saa nane," alisema hatimaye.

"Saa saba u nusu," alisema Rathinavel. "Saa za Rahu zikiisha tu, gari linaondoka. Sitaki kuanza safari ya mahakamani katika saa mbaya."

*

Mtaa wa Kaskazini ulimpokea kwa heshima zote na kumpa kapu la upepo. Mwalimu mstaafu alimwambia marehemu alionywa na gazeti akapuuza. Mke wa mfua dhahabu alimwambia vivyo hivyo, akaongeza kwamba hata yeye ni Mashuke na hajakaribia kisima tangu Jumapili, anaogeshwa na mkwewe kwa kata. Kila alipouliza nani alipita, nani aliingia, nani alisikika, walimjibu kwa sayari. Ungedhani mtungi ule uliruka wenyewe kutoka ukingoni mwa kisima.

Nyumba ya Thiyagesan ilipakana na ya marehemu kwa nyuma, na kati ya hizo mbili palikuwa na mlango wa bustani unaotokea mferejini. Mlango haukuwa na kufuli. Mvua ya usiku ilikuwa imefagia kila unyayo. Valarmathi aliinama pale, akautazama udongo laini kabisa usio na alama hata ya kuku, na akatukana kwa sauti. Alikuwa angali ameinama simu ilipolia.

"Umekula?" aliuliza mama yake.

"Bado, mama. Nina kazi."

"Usigombane na mtu leo. Umenisikia, Valarmathi? Mwezi umekukalia. Usitie sahihi kitu, na usimfokee mkubwa wako. Wewe Ndoo una mdomo."

"Mama, mtu anapelekwa rumande leo."

"Jana nilikupigia unywe maziwa kabla mwezi haujakuingia, ukanikatia simu. Ndiyo haya sasa. Unakata simu ya mama yako, halafu unashangaa mambo hayaendi."

Alitaka kuikata tena. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kisha akakumbuka mahali alipokuwa simu ile ya jana ilipolia: alikuwa mezani kituoni, kijaluba cha wali wa ukwaju mbele yake, tonge mkononi.

"Mama. Jana ulinipigia wakati wa chakula cha mchana."

"Ulitaka nikupigie lini? Mwezi ulikuwa unaingia saa saba. Nilisema nikuwahi."

"Gazeti linasema Ndoo inaanza saa kumi."

Upande wa pili ulikuja mguno wa dharau uliotoka mbali sana, labda kwa bibi wa bibi yake. "Gazeti! Hilo linafuata hesabu mpya, ya hao wa darubini. Sisi tunafuata hesabu ya kale, ya hekalu. Baba yako aliolewa kwa hesabu ya kale."

"Alioa, mama."

"Aliolewa. Mimi ndiye niliyemchukua. Kula."

Valarmathi alisimama na simu mkononi. Mwezi hauna nyumba mbili kwa wakati mmoja. Ukitoka kumsumbua Mbuzi, papo hapo huingia kumsumbua Ndoo. Hilo hata mtoto wa shule analijua. Kwa gazeti, Mbuzi alikuwa amefungwa hadi saa kumi. Lakini kama mwezi ulimwingia yeye Valarmathi saa saba, basi saa saba hiyo hiyo ulikuwa umemwacha Thiyagesan.

Alitazama orodha ya simu za jana. Ilikuwepo: saa saba kasoro kidogo, mama.

*

Mnajimu wa gazeti, Bwana Vaitheeswaran, alikuwa na baraza lililofurika. Tangu jana gazeti lilikuwa limekwisha madukani, na watu waliokuwa hawajawahi kumsalimu sasa walimletea ndizi. Alimwona inspekta, akainua mkono kama anayezuia makofi.

"Niliandika," alisema. "Sipendi kujisifu, lakini niliandika. Maji na chombo."

"Wiki iliyopita ulimwonya nani na maji?"

"Wiki iliyopita… Kaa."

"Na kabla ya hapo?"

"Nge. Na Samaki kidogo. Inspekta, ni msimu wa mvua. Nimwambie mtu ajihadhari na vumbi?"

Wateja wawili walicheka. Mnajimu akajikunja, na Valarmathi akajuta, maana mtu aliyechekwa hasaidii. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini leo alilihitaji debe hilo.

"Ninachotaka ni kitu kimoja. Saa zako za mwezi huzitoa kwenye hesabu ipi?"

"Mpya. Iliyopimwa. Ya kale imekaa karne ngapi bila kusahihishwa? Mwezi uko hapa, wao wanasema uko pale."

"Jana kwa hesabu ya kale, mwezi ulihama saa ngapi?"

Hakutaka kusema. Ilikuwa kama kumwomba fundi amsifu mshindani wake. Mwishowe alimwita mwanawe alete kitabu cha jirani cha hesabu ya kale, akakishika kwa ncha za vidole. "Saa saba mchana. Saa tatu nzima wamekosea."

"Na Thiyagesan hufuata hesabu ipi?"

"Mimi nitajuaje? Kwangu haji. Kwa nini haji, kamuulize mwenyewe. Watu wa nyumba ile hata ndizi hawajawahi kuniletea."

Lilikuwa jibu nusu. Valarmathi alitoka akiwa na kitu kinachofanana na ushahidi, ila mbele ya Rathinavel kisingesimama hata kwa dakika moja. Thiyagesan angesema tu kwamba yeye anafuata gazeti, na mji mzima ungesema amina.

Govindarasu alikuwa anamsubiri kwenye pikipiki. "Afande, naomba nikuulize. Ikiwa siku zake ziliisha saa saba, si angetoka?"

"Ndiyo."

"Basi angepita kwa Pillaiyar." Alionyesha pembe ya mtaa, kilipo kijihekalu cha mungu mwenye kichwa cha ndovu. "Hakuna mtu wa nyumba ile anayeanza jambo bila kuvunja nazi pale. Hata akienda kunyoa."

Valarmathi alimkazia macho. "Sajini, muuza maua wa pale ulimhoji jana?"

"Nilimhoji. Nilimuuliza kama alimwona Thiyagesan akienda kwa marehemu. Akasema hapana. Nimeandika."

"Ulimuuliza kama alimwona Thiyagesan?"

"Nilimuuliza akienda kwa marehemu," alisema Govindarasu kwa sauti ndogo.

*

Pavunambal, muuza maua, alikuwa anafunga asumini kwa uzi wa mgomba, na hakuacha kufunga kwa sababu ya polisi.

"Jana Bwana Thiyagesan alikuja kuvunja nazi?"

"Alikuja. Si huja kila siku zake zikiisha?"

Govindarasu alitazama viatu vyake.

"Saa ngapi, mama?"

"Kuhani alikuwa keshafunga lango la mchana. Mabinti wa shule walikuwa wanapita kwenda kula, kengele yao ya saa saba imelia. Alinuna, akasema lango linafungwa mapema siku hizi, akavunja hapo nje, kwenye jiwe." Alikata uzi kwa meno. "Alivunja mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Ya kwanza ilikuwa imeoza. Nyeusi ndani, inanuka. Alibadilika uso, mwanangu! Mimi nikaona aibu maana ni mimi niliyemuuzia, nikampa nyingine bure. Hiyo ilikuwa nyeupe, safi. Akashukuru mungu, akaondoka mbio mbio, hata jivu la paji la uso hakuchukua."

"Vipande viko wapi?"

"Vya ile nzima? Nilisaga chatne jioni. Ulitaka nivitunze?"

"Mama Pavunambal, jana polisi alikuja hapa. Mbona hukumwambia?"

Mama aliacha maua kwa mara ya kwanza. Alikuwa na hasira ya haki. "Aliniuliza habari za nazi? Aliniuliza kama mtu ameenda kuua. Mimi niliona mtu ameenda kuua? Niliona mtu anavunja nazi!"

Valarmathi aliandika maelezo yake yeye mwenyewe, akamsomea, akamwekea wino wa kidole gumba. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Saa za Rahu, zile saa moja na nusu za kila siku ambazo hakuna mtu wa Melapuliyur anayeanza jambo la maana, zilikuwa tayari zimeingia. Maduka yalikuwa wazi lakini hakuna aliyenunua kitu cha kudumu. Zikiisha, gari la Rathinavel lingewasha moto.

*

Thiyagesan alimkaribisha barazani kwa mikono iliyokutanishwa kifuani. Alikuwa mtu mnene wa utulivu mwingi, na leo alikuwa amejipaka jivu takatifu kwa mistari mitatu iliyonyooka kabisa. Mkewe, Kunjammal, alisimama nyuma ya nguzo, macho yamevimba kwa kulia. Mwili wa marehemu ulikuwa bado hospitali, ungeletwa jioni.

"Utusamehe kahawa, inspekta," alisema Kunjammal. "Nyumba ina msiba. Moto haujawashwa."

"Msijali, mama. Sitakaa." Valarmathi alitoa karatasi ya kawaida kabisa kwenye mkoba. "Nina jambo la kuandika tu, kuhusu mazishi. Siku ya kumbukumbu ya marehemu kila mwaka huhesabiwa kwa mwandamo wa mwezi, na mwandamo hutofautiana kwa hesabu. Nimeona nitumie ya gazeti, maana ndiyo inayojulikana."

Ule utulivu ukapata ufa.

"Ya gazeti?" alisema Thiyagesan. "Mke wa kaka yangu aombewe kwa hesabu ya gazeti?"

"Naona mji mzima unaifuata."

"Mji mzima unakula hotelini pia! Inspekta, nyumba hii imefuata hesabu ya kale tangu babu wa babu yangu. Harusi, mazishi, kupanda, kuvuna. Huyo Vaitheeswaran ni muuza karatasi. Hesabu yake haijavuka kizingiti hiki na haitavuka. Kunjammal, mwambie."

"Kamwe," alisema Kunjammal.

"Hata siku zako za mwezi?" aliuliza Valarmathi.

"Hasa siku zangu za mwezi," alisema Thiyagesan.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia barazani. Ilimchukua Thiyagesan mwenyewe muda kuona alipofika. Govindarasu, kwenye ngazi, aliacha kutafuna tambuu.

"Basi siku zako ziliisha jana saa saba," alisema Valarmathi. "Maelezo yako niliyonayo yanasema siku zilikuwa hazijaisha, kama ilivyoandikwa gazetini, na hukutoka chumbani hadi kelele ziliposikika."

"Nilichanganyikiwa. Ilikuwa msiba."

"Pavunambal anasema ulivunja nazi saa saba. Ya kwanza ilikuwa imeoza."

Thiyagesan alitabasamu, tabasamu la mtu anayekubali deni dogo ili asiulizwe kubwa. "Sawa. Nilitoka, nikavunja nazi, nikarudi. Sikutaja kwa sababu halina maana. Siku zikiisha navunja nazi, naoga, naanza maisha. Muulize mke wangu kama sikuoga."

Valarmathi alihisi kesi inamponyoka tena. Nazi ilimtoa mtu chumbani tu. Haikumfikisha kisimani kwa jirani. Rathinavel angesema, mtu amesahau kutaja nazi, tumnyonge? Aligeuka kwa Kunjammal, akauliza kwa sababu hakuwa na jingine la kuuliza.

"Alioga, mama?"

"Alioga, afande. Kisimani hapo nyuma." Kunjammal alifuta pua kwa upindo wa sari, akafurahi kuwa na jambo la kweli la kumsaidia mumewe. "Nilikuwa nimejilaza, nikasikia ndoo. Nikatoka. Alikuwa analowa na nguo zote, veshti ya kiunoni, kitambaa cha bega, vyote vinachuruzika. Nikamwambia, baba, mbona unaoga na nguo kama aliyefiwa? Hakunijibu. Nikasema labda siku zake bado hazijaisha."

"Kunjammal, ingia ndani," alisema Thiyagesan.

"Ilikuwa kabla ya kelele za Kaliyaperumal au baada?" aliuliza Valarmathi, polepole sana.

"Kabla. Zamani. Nguo nilikuwa nimeshazianika ndani, kwa ajili ya mvua. Kelele ziliposikika, sisi wote tukaenda kuoga, mimi na watumishi, kama inavyotakiwa mtu akifiwa. Yeye akasema keshaoga, hana haja ya…"

Sentensi haikumalizika. Kunjammal alimtazama mumewe. Hakuna mtu wa nchi ile anayeoga na nguo zake mwilini ila kwa jambo moja, na jambo hilo ni najisi ya kifo. Lilikuwa limemtoka kinywani mwake mwenyewe, na hakukuwa na njia ya kulirudisha. Alishika nguzo, akateleza nayo hadi chini.

"Ulimgusa dada," alisema. "Ulimgusa, halafu ukaogopa najisi."

Thiyagesan hakukana. Pengine angekana kwa hakimu, pengine wakili wake angemfundisha. Lakini pale, mbele ya mkewe aliyekaa sakafuni, alitazama tu mikono yake, kisha saa ya ukutani.

"Nilitaka kuongea naye tu," alisema. "Nilitaka aahirishe Ijumaa. Akaniambia nyumba ni yake, akaendelea kuteka maji kama mimi sipo. Nitakuja, inspekta. Sikatai. Lakini sasa ni saa za Rahu. Ngoja ziishe. Ni muda mfupi tu, nitatoka mwenyewe kwa miguu yangu. Usinitoe nyumbani kwangu katika saa hizi."

Valarmathi alikuwa amechoka, ana njaa, na tangu asubuhi alikuwa amemeza maneno ambayo mama yake alimkataza. Hayakumezeka tena.

"Kaliyaperumal tulimtia pingu jana saa tisa u nusu," alisema. "Saa za Rahu za Jumanne, zimekolea. Ulikuwa umesimama hapa hapa barazani, nguo zako kavu, unatazama. Mbona hukutuambia tungoje?"

Govindarasu aliitazama saa, akamtazama inspekta, kisha akafungua pingu kiunoni.

Valarmathi alishuka ngazi hadi barabarani, akapiga simu kituoni. Askari wa zamu alipokea.

"Mwambie Bwana Rathinavel gari halihitajiki. Na umfungulie Kaliyaperumal."

"Ndiyo, afande." Askari akasita. "Afande, si tungoje saa saba u nusu? Nasema kwa ajili yake. Mtu akitolewa saa hizi, wanasema hurudi tena."

Alikuwa anavuta pumzi ya kumfokea, lakini kutoka nyuma ya askari, kwa mbali, penye nondo, sauti ya Kaliyaperumal iliwahi.

"Fungua tu, mwanangu. Mimi nitatoka hata sasa."